Celica Yangu, Mark Two ya Enoka na Kuku Mweusi

Jumatatu, 4 Agosti 2008

Nimeapa mbele ya watu. Hakuna kurudi nyuma.

Shemeji Enoka, mdogo wake mke wangu, amepita tena na Mark Two yake. Akapunguza mwendo makusudi mbele ya uwanja wangu, akauliza kama Celica bado inataga. Madereva wa malori waliokwama kwenye foleni ya mpakani wakacheka mpaka wakakohoa. Ni kweli kuna kuku mweusi analalia mayai kiti cha nyuma. Lakini hayo ni mambo ya ndani ya familia!

Nikapandwa na hasira. Nikamwambia Ijumaa, sikukuu ya Nane Nane, tukutane kijijini Mpemba kwenye ile barabara ya vumbi iliyonyooka. Wa kwanza kufika kwenye ghala la mahindi ndiye mwanaume. Akakubali haraka mno.

Germana, mke wangu, alikuwa anasikiliza. Akasema vizuri, baba Scola, gari limekatika ekseli tangu mtoto ananyonya, na sasa mtoto anakwenda shule. Likishinda, libaki. Likishindwa, Jumamosi anang'oa milango, anaweka waya, linakuwa banda la kuku. Nikakubali. Hajui anaongea na bingwa.

Celica ya mwaka sabini na nane! Milango miwili, pua ndefu! Niliipenda kabla ya kumpenda Germana. Hilo asilisome.

Jumanne, 5 Agosti

Nimevuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Nimepata kabureta mbili na ekseli nzima ya pikapu. Muuzaji ameniita mudala, yaani mzee kwa lugha yao, akaapa ekseli hiyo imebeba saruji hadi Kasama bila kulalamika. Mzambia mwema sana.

Jioni nimeipaka ekseli rangi nyekundu. Kopo likaisha upande mmoja tu. Si neno, upande huo unang'aa ajabu.

Jumatano, 6 Agosti

Siku ya kazi. Fundi Kalisti chini ya gari, Kasiani mchomeleaji pembeni, mimi nasimamia.

Kalisti akataka upande wenye rangi ukae juu. Juu! Nani atauona? Enoka atakuwa nyuma yangu njia nzima, angalau aone kitu kizuri. Nikaamuru rangi itazame chini. Kalisti akasema lakini bosi, hapo ekseli itakuwa imelala chini juu. Nikamuuliza gari ni la nani. Akarudi chini ya gari. Kasiani akachomelea.

Halafu kupunguza uzito. Tumetoa boneti, bampa, tairi la akiba, kiti cha abiria. Nikanyoosha mkono kumtoa kuku. Germana akatokea na mwiko. Kuku anabaki.

Ekseli inadondosha oili kidogo. Nadhani ni jasho.

Alhamisi, 7 Agosti

Imewaka! Kabureta mbili zimenguruma mpaka mbuzi wa jirani wakakata kamba. Nimelia, sioni aibu kuandika.

Nikaweka gia ya kwanza. Gari likarudi nyuma! Likapita juu ya maharage ya Germana yaliyoanikwa, likaegemea ukuta wa bafu. Nikalisogeza mbele kwa mkono na kujaribu gia ya pili. Likarudi nyuma kwa kasi zaidi. Nikaweka rivasi. Likaenda mbele, polepole, kama linasindikiza maiti.

Kalisti akasema ndiyo hivyo, ekseli ikiwa chini juu magurudumu yanazunguka kinyume. Inatakiwa kukatwa na kugeuzwa. Nikakimbia kwa Kasiani. Kibanda kimefungwa! Amekwenda Mbeya kwenye maonyesho ya Nane Nane.

Germana ameokota maharage yote. Sasa anapima madirisha ya gari kwa kamba. Roho inaniuma vibaya.

Saa hii hii nimepata wazo.

Ijumaa, 8 Agosti, Nane Nane

Nimepanga gari mstarini likiwa limeelekeza makalio kwenye ghala. Enoka akapinga. Mwamuzi, Nathanaeli wa duka la spea, akawaza kidogo, akasema yeye ameambiwa gari lipi litangulie kufika, hakuambiwa upande gani wa gari. Mtu wa haki!

Akapunga kanga. Gia ya kwanza! Ya pili! Nimegeuza shingo mpaka ikalia. Kuku kiti cha nyuma ananitazama machoni njia nzima, wala hapepesi. Enoka akaja sambamba, uso kwa uso na taa zangu, akaniona jinsi nilivyojipinda. Akacheka. Akacheka mpaka paji la uso likaangukia honi, mguu ukateleza, Mark Two ikazima.

Gia ya tatu! Nimepita ghala, nimepita watazamaji, nimeingia shamba lililovunwa na kusimama katikati ya mabua. NIMESHINDA!

Germana alikuja mbio. Kwanza akamuuliza kuku hali. Halafu akaniangalia nilivyoshindwa kunyoosha shingo, akacheka mpaka akakaa chini. Akasema basi, baba Scola, Celica ibaki. Sijamsikia akicheka hivyo tangu harusi. Nimefurahi kuliko ushindi wenyewe. Au karibu hivyo.

Jumamosi, 9 Agosti

Shingo bado imetazama Zambia.

Kasiani amerudi. Kalisti anasema kazi ni ndogo: wanakata, wanageuza ekseli, kabla ya chakula cha mchana gari linakwenda mbele kama magari ya watu. Nimekataa katakata. Nani anagusa ekseli iliyoshinda? Enoka anataka mashindano mengine, naye atayapata! Nimeamuru wahamishe usukani, kiti changu na taa kubwa kwenda nyuma. Yaani ekseli ibaki, tugeuze gari. Kalisti ameomba ruhusa akanywe maji. Hajarudi mpaka sasa.

Mayai yameanguliwa asubuhi. Vifaranga tisa, wote wazima. Nimemuuliza Germana kama amerudisha ule waya dukani. Amesema hapana, ameuweka nyuma ya mlango, hana haraka.

Mwanamke ana imani na mimi, hiyo ndiyo siri ya ndoa yetu.