Vishikwambi Mia Sita na Arobaini vya Mama Mmoja

(Uwanja wa shule, Mgwashi, saa tisa na robo alasiri. Wananchi waliitwa saa tatu asubuhi. Ukungu umeshuka mpaka kwenye goli la upande wa juu. Mratibu Mkuu, Ndugu Anselm Shekiondo, anapanda jukwaa lililotandikwa zulia jekundu, ambalo mbele yake yamepangwa maboksi arobaini yaliyofungwa, na kukipiga kipaza sauti makofi matatu ili kukijaribu.)

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa mujibu wa ratiba ni mimi mwenyewe. Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Mapokezi ya Mgeni Rasmi. Waheshimiwa viongozi wa dini, mlioomba dua tangu asubuhi mpaka dua zikaisha. Waheshimiwa wakuu wa shule kumi na sita za mradi. Waheshimiwa wajumbe wa kamati za shule, mliochaguliwa, mlioteuliwa na mliojikuta mmo. Mtaalamu wetu wa kompyuta, Ndugu Clemence, ambaye ndiye pia dereva wangu, mpiga picha wangu na mwandishi wa hotuba hii. Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Wanafunzi, marahaba, ijapokuwa hamjaniamkia. Itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haikuzingatiwa, ihesabike kuwa imezingatiwa.

Wananchi wa Mgwashi, onga makeo!

(Wananchi: "Onga mshi!" Mzee mmoja ananyoosha mkono wenye saa.)

Nimesahihishwa, na nashukuru. Salamu hiyo ya Kisambaa ya asubuhi iliandikwa asubuhi, na mimi ni mtu wa kuheshimu maandishi.

Ndugu wananchi, nimesimama mbele yenu katika siku hii ya kihistoria, ambayo historia yenyewe bado haijaarifiwa rasmi, kuzindua Mpango Jumuishi wa Vishikwambi Pacha vya Milimani, kwa kifupi MJUVIPAMI, mpango uliobuniwa, ukabuniwa upya, ukafanyiwa upembuzi yakinifu na upembuzi wa ule upembuzi, chini ya uongozi wangu mahiri, nikiwa nimehudhuria warsha tisa kuhusu jambo hili, mbili za mwisho nikiwa macho kabisa. (Makofi machache. Clemence anaongezea ya kwake.)

Zamani, yaani mpaka mwezi uliopita, mtoto wa milima hii alikuwa akipanda na kushuka makorongo akiwa na begi la vitabu mgongoni, na vitabu, kama tafiti zetu zilivyobaini, vina uzito, vina kurasa, na vikinyeshewa vinalowa. Hali hiyo haikubaliki katika karne hii ya digitali. Ndiyo maana wiki mbili zilizopita ofisi yangu, kwa kasi iliyoniogopesha hata mimi mwenyewe, ilituma lori likakusanya vitabu vyote vya darasa la saba katika shule zote kumi na sita, ili viingizwe ndani ya kishikwambi, na mtoto abebe kishikwambi tu.

(Mwalimu Zuhura, mkuu wa shule mwenyeji, ananyoosha mkono.)

Mkono nimeuona, Mwalimu Mkuu, na umeingizwa kwenye kumbukumbu. Maswali ni kipengele cha kumi na nne. Sasa hivi tuko cha tatu.

Mtu asiye na mindset ya kisasa atauliza: vishikwambi mia sita na arobaini, kila kimoja kiwekewe vitabu vyake, si mtaalamu atazeeka? Hapana, hatazeeka, kwa sababu tunatumia kile ambacho sisi wa ngazi za juu tunakiita disk image deployment, na ambacho kwa ajili yenu nitakieleza kwa lugha ya kushuka chini. Unachukua kishikwambi kimoja, tukiite mama. Mama unamwekea Windows, unamwekea vitabu, unamwekea kamusi na mitihani ya miaka iliyopita, unamwekea na picha yangu hapo kinapowakia. Akishakamilika, unapiga chapa ya kila kitu kilichomo tumboni mwake, chapa hiyo unaihifadhi kwenye flashi, halafu unaimimina kwenye kishikwambi cha pili, cha tatu, cha nne, mpaka cha mia sita na arobaini, kila kimoja dakika ishirini tu, jumla dakika elfu kumi na mbili na mia nane, hesabu niliyoifanya mimi mwenyewe bila kikokotoo. Vyote vinatoka sawasawa! Mama akiwa na kosa la herufi moja, watoto wote mia sita na arobaini watakuwa na kosa lile lile, na huo, ndugu zangu, ndio usawa ambao mataifa mengi yanautafuta na hayaupati.

(Mama Imelda, mjumbe wa kamati ya shule, anasimama bila kuitwa. Alikata vipandikizi vya chai kwenye kitalu huko Kwamkoro miaka ishirini na miwili kabla hajahamia Mgwashi. Anasema: "Baba Mratibu, samahani sana. Hayo unayosema hata sisi kitaluni tulikuwa tunayafanya. Unakata vipandikizi kwa mchai mmoja mzuri, unapata miche elfu, yote imemfuata mama. Ila kabla ya kushika kisu, msimamizi alitupeleka shambani tumwone huyo mama. Tunamshika majani, tunamwangalia na shina. Maana mama akiwa mgonjwa, kitalu kizima kinaugua. Sasa mama wa hivi vyako yuko wapi, baba, na sisi tumwone?" Makofi mazito, vigelegele upande wa kina mama.)

Makofi hayo nayapokea kwa niaba ya swali. Ni swali zuri mno, na uzuri wake ndio uliofanya lisiwekwe kwenye ratiba. Mama Imelda, mama yuko humu. (Anatoa flashi kwenye mfuko wa koti na kuinyanyua.) Mama wa vishikwambi vyote mia sita na arobaini yuko humu ndani.

(Sauti za nyuma: "Hatumwoni!")

Kutoonekana kwake ndiyo teknolojia yenyewe.

(Mama Imelda: "Hicho ni kipandikizi, baba. Mimi nauliza mama.")

Mama yangu, nakuheshimu, lakini chai ni chai na digitali ni digitali. Chai inahitaji mvua, digitali inahitaji imani. Tusivutane, tuangalie takwimu, maana takwimu hazina kabila wala hazina mjomba. Tangu mradi huu uanze rasmi mwezi Januari, vishikwambi vilivyovunjika kioo ni asilimia sifuri. Vilivyoibwa, sifuri. Vilivyoingia maji, katika milima yenye mvua kama hii, sifuri nukta sifuri. Mwanafunzi aliyekutwa akicheza kamari au kutazama mambo ya hovyo kwenye kishikwambi cha mradi, hakuna hata mmoja, kuanzia Magamba mpaka hapa. Nitajieni mradi mwingine wowote katika nchi hii wenye rekodi ya namna hiyo! Hapa subiri makofi. (Anagundua kwamba maneno matatu ya mwisho yalikuwa ni maelekezo. Makofi yanakuja yamechanganyika na vicheko.)

Ndugu wananchi, sasa naingia katika kiini cha shughuli, nacho ni Fomu Namba Saba, yenye nakala nne, ambayo kila mkuu wa shule anasaini kwamba: "Nimepokea vishikwambi arobaini, nimevikagua, nimeridhika." Naona nyuso zinauliza, mbona tunasaini kabla ya kupokea? Ni kwa sababu kupokea ni hatua, na hatua haiwezi kuanza kabla ya makaratasi yake. Shule ikishasaini, inahesabika imeingia kwenye digitali, na inaondolewa moja kwa moja kwenye orodha ya kugawiwa vitabu vya karatasi kuanzia mwakani, ili isipate mara mbili wakati shule nyingine hazina. Shule kumi na tano zimeshasaini kwa uzalendo mkubwa. Imebaki moja tu, nayo ndiyo mwenyeji wetu. Mwalimu Mkuu, karibu jukwaani. Kalamu hii hapa. Clemence, piga picha.

(Mwalimu Zuhura anasogea mpaka mbele ya jukwaa, lakini hapandi. Kalamu haipokei. Anasema: "Mheshimiwa, shikamoo. Mimi nina watoto arobaini na watatu wa darasa la saba. Mtihani wa mwisho umebaki wiki tano. Wanasoma hisabati kwa kitabu kimoja tu, na hicho ni kwa sababu nilikisahau jikoni kwangu siku lori lako lilipokuja. Kinakwenda kwa zamu, kila mtoto kinalala kwao usiku mmoja. Leo ni zamu ya mtoto wa kumi na nne. Binti wa mwisho kwenye orodha, Elinuru, kitamfikia mtihani ukiwa umebaki siku sita. Ni mtoto anayeweza, Mheshimiwa, na baba yake ameniuliza atasoma nini mpaka hapo. Nikisaini hapo, hata watakaomfuata mwakani nitakuwa nimewanyima kwa mkono wangu. Sisaini. Nirudishie vitabu vyangu." Mzee mwenye saa anavua kofia.)

Mwalimu, nimekusikia kwa masikio yote mawili, na machungu yako nayachukua kama changamoto, na changamoto naichukua kama fursa, na fursa nitaiundia kamati ndogo. Vitabu visikutie presha, vipo, viko mahali pakavu na vinatumika ipasavyo. Fomu nitaiacha mezani. Huenda moyo ukalainika baada ya soda.

Ndugu wananchi, naelekea kuhitimisha. (Makofi marefu kuliko yote ya leo.)

Wahenga walisema asiyeshukuru kwa kidogo hata kwa kingi hashukuru. Nayasema haya kwa uchungu, maana wiki iliyopita, kule Magamba, kwa bahati mbaya nilisahau kumtaja aliyetuazima kiti cha mgeni rasmi, akaja kukichukua nikiwa bado nimekikalia. Aibu ile nimeapa haitajirudia. Kwa hiyo nilimwagiza Clemence aandike shukrani zote, asimwache hata mtu mmoja, mkubwa kwa mdogo, na nilimwambia akimsahau mtu ajihesabu hana kazi. Kazi ameifanya jana, sijapata nafasi ya kuipitia, ila namwamini. Nasoma kama ilivyoandikwa.

Kwanza, namshukuru kwa dhati mwenye duka la sabuni pale sokoni, kwa kutupatia bure maboksi arobaini matupu, haya yaliyopangwa kwa ustadi hapa mbele yenu. Pili, namshukuru fundi seremala Salimu, kwa vipande vya mbao vilivyowekwa ndani ya maboksi hayo yasije yakapeperushwa na upepo. Tatu, namshukuru Bi Latifa wa mapokezi ya nyumba ya wageni ninayofikia, kwa kutuazima flashi yenye nyimbo za harusi ya dada yake, ambayo atarudishiwa kesho ikiwa na nyimbo zote. (Minong'ono. Mratibu anaendelea, sauti yake iko mbele kuliko akili yake.) Nne, nawashukuru wakuu wa shule kumi na tano kwa kusaini kwamba wamepokea vishikwambi ambavyo havijaagizwa, kwa kuwa wa kuagiza wanasubiri kwanza saini za kupokea. Tano, namshukuru Clemence, yaani mimi ninayeandika, kwa kusimamia uzao wa mama ambaye hakuwahi kununuliwa, wala kuonwa, wala... Clemence, hii ni nini?

(Clemence: "Ulisema nisimwache mtu, bosi.")

Nilisema hivyo. Sasa nikiacha katikati itaonekana nina ubaguzi. Sita na mwisho, nawashukuru sana walimu na wanafunzi wa shule zote kumi na sita, kwa vitabu vyao elfu mbili na mia moja, ambavyo, kwa kuwa mradi haukuwa na jukwaa, vimefungwa kwenye maboksi, vikapangwa, vikatandikwa zulia jekundu, na ndivyo... ndivyo ninavyovikanyaga sasa hivi.

(Mwalimu Zuhura ndiye wa kwanza kufika. Anainua pembe ya zulia, anafungua boksi, anatoa kitabu cha hisabati, anausoma muhuri. Anageuka na kupaza sauti: "Vyenye muhuri wetu tu! Vya wenzetu pangeni pembeni, tutawapigia simu waje wachukue!" Darasa la saba linakuja mbio, wazazi nyuma yao.)

Wananchi, utulivu! Utulivu na foleni! Bado kuna kaulimbiu! MJUVIPAMI, oyee! (Mzazi mmoja: "Nyanyua mguu, baba." Mratibu ananyanyua mguu.) Digitali kwa kila mtoto, oyee! (Boksi la kulia linaondoka. Anahamia la kushoto.) Pacha wa milimani, juu! Juu! (Anashuka ngazi moja bila kutaka.) Mlinzi! Mlinzi yuko wapi? (Mlinzi ana watoto wawili darasa la saba na maboksi mawili begani.) Clemence, leta gari!

(Clemence ameshika upande mmoja wa boksi zito. Upande wa pili ameshika Mama Imelda, anayemwambia: "Twende taratibu, mwanangu, usikunje mgongo." Kando ya goli binti mmoja mrefu amekaa kwenye nyasi mbichi. Kitabu kiko wazi magotini kwake, na anahesabu kwa midomo. Mwalimu Zuhura anampita, anamgusa kichwa, anasema, "Soma, Elinuru," na anaendelea kuita mihuri. Mratibu Mkuu sasa amesimama juu ya boksi moja lililobaki. Mzee mwenye saa amelisubiri na anampa mkono ashuke.)

Ahsante, mzee wangu. Shikamoo. Ndugu wananchi, kwa maneno hayo machache, na nikiwa sasa nazungumza nanyi kutoka chini, natamka kwamba mradi huu umefunguliwa rasmi, na kwa kuwa haukuwepo, natamka pia kwamba umefungwa rasmi. Ahsanteni sana kwa kunisikiliza, na ahsanteni kwa kunishusha boksi moja moja.