Mtaji Mdogo wa Injinia Gbolahan

Gbolahan aliyaona maandishi kabla ya kuiona nyumba: NYUMBA HII HAIUZWI, rangi nyekundu, herufi za mtu mwenye hasira. Lagos imejaa kuta za namna hiyo, na watu wenye akili timamu huzipita. Yeye alisimama. Nyumba haiuzwi, sawa, lakini nani kasema vyumba haviuzwi kimoja kimoja? Nchi ilipoteza mwanasheria hapo.

Vilikuwa vyumba vinane vinavyotazamana, bati limeliwa na kutu, ndani hamna mtu. Wenyewe wako Ulaya, aliamua, maana ndiko alikotaka wawe. Akanunua kufuli, akajipa uinjinia, akavuka barabara kwenda kula akara, zile bajia za kunde, kwa Iya Mulika.

Iya Mulika alikuwa mjane asiyependa maneno mengi, na upatu wa kina mama wa mtaa ulikuwa mikononi mwake. Kina mama saba, yeye wa nane. Gbolahan nusura amshukuru Mungu kwa sauti.

Akamwaga sera. Ya nini kungoja pesa ya nyumba nzima? Nunua chumba kimoja leo, kipangishe, kodi ikununulie cha pili. Wenye mtaji mdogo ndivyo wanavyoanza. Cha kuudhi ni kwamba ushauri wenyewe ulikuwa mzuri. Ubovu ulikuwa kwa mtoaji.

"Injinia mwanangu, nimekuelewa," Iya Mulika alisema akigeuza akara. "Ila wenzangu wanaamini macho. Wakiliona bati lile, wanarudi na pesa zao."

Gbolahan akauza jenereta, akaezeka upya. Kina mama wakaja, wakatazama juu, wakaridhika, kisha wakaulizia milango. Akauza gari, akaweka milango. Wakaulizia maji. Hapo alisita siku mbili, kwa sababu kilichobaki ni akiba aliyoichuma kwa jasho la wengine, pamoja na kodi ya chumba alicholala. Lakini naira milioni nne, bei ya vyumba vyote vinane, zilikuwa zikimwita kwa jina. Kisima kikachimbwa, pampu ikafungwa. Alhamisi mwenye nyumba wake akamtolea virago nje, naye akavibeba akipiga mluzi, kwa kuwa malipo yalikuwa Jumamosi.

Jumamosi kina mama saba walifika na magodoro kichwani. Kila mmoja akaingia chumba chake, akatundika pazia.

"Mama, na pesa?" Gbolahan aliuliza.

"Wameshanilipa kodi." Iya Mulika akafungua fundo la kitenge, akatoa hati yenye jina la marehemu baba yake. "Ulidhani ule ukutani ni mwandiko wa nani? Niliwaandikia kaka zangu, walishaiuza nyumba hii mara mbili. Mtu aliyeandika vile hayuko Ulaya, mwanangu. Yuko ng'ambo ya barabara, anaangalia."

Gbolahan alisema atakwenda polisi.

"Nenda. Na uwaeleze ulikuwa unauza nini."

Hakwenda. Alikaa juu ya begi lake pale kizingitini, chini ya bati jipya, akaona uchungu wa kweli, ule aliozoea kuwaachia watu wengine. Iya Mulika akamwonea huruma kidogo, akamletea akara mbili za bure.

"Chumba cha nane kiko wazi," alimwambia. "Kodi ya miaka miwili, unalipa mbele kama kila mtu. Ada ya dalali nakusamehe, maana dalali ni wewe."