Kimeng'enya Hakitangulii Wakubwa

Kwa niaba ya Idara ya Vikaango na Mambo Yanayokaangika, nautangazia umma kwa fahari kwamba bakteria ameingia serikalini. Mimi, Kaimu Msaidizi wa Mkurugenzi, ndiye niliyemwapisha. Hakunyanyua mkono, lakini hakupinga, na kwa taratibu zetu huko ndiko kukubali.

Sababu ya ajira hii ni nzito. Mtaalamu wa maabara alituarifu kwamba ndani ya kiazi mna kitu ambacho kikiwa kibichi hakina neno. Kikikutana na mafuta ya moto, kinageuka kemikali yenye madhara. Sasa bakteria hutoa kimeng'enya. Ukiloweka viazi vibichi humo, kile kitu kinavunjwa mapema, na chipsi zinatoka salama zaidi.

Kibanda cha majaribio kikawa cha shangazi yangu, nje ya geti la idara. Shangazi ndiye aliyenilea na kunisomesha kwa karai lile lile la chipsi. Nikampelekea taarifa rasmi: jaribio likifaulu, kibanda kinabaki, likishindwa, tunakifunga kwa maslahi ya umma.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Umekuja kula au umekuja kunifunga?"

"Yote mawili yamo kwenye ratiba."

Siku ya uzinduzi, viazi vilikuwa vimeshamenywa na kimeng'enya kiko tayari kwenye chupa. Hapo ikaibuka hoja ya itifaki, na najivunia kwamba niliiibua mimi. Idarani kwetu mtumishi mpya hamtangulii mkubwa mlangoni, mezani wala kwenye picha. Iweje kimeng'enya, ambacho hata cheo hakina, kiguse chakula cha Mkurugenzi kabla ya Mkurugenzi mwenyewe?

"Lakini mkuu," mtaalamu akasema, "kazi yake ni kabla ya moto."

"Mimi nilisubiri kiti hiki mpaka nikaota mvi," Mkurugenzi akamjibu. "Nacho kisubiri."

Basi chipsi zikakaangwa. Mkurugenzi akala, manaibu wakala, nikala. Ndipo kimeng'enya kikakaribishwa kwa makofi na kumiminwa kwenye sahani tupu. Kilijitahidi sana, ila kazi haikuwepo.

Vipimo vya chipsi zilizobaki vikaja vibaya. Nikachukua kufuli, nikaenda. Sitaficha, roho iliniuma. Shangazi alinitazama nikihangaika na komeo, wala hakupandisha sauti.

"Funga vizuri, mwanangu. Kesho mtakaanga mafaili."

Kesho yake idara nzima ilishinda na njaa, na njaa haina itifaki. Makarani wakanuna, manaibu wakasinzia mikutanoni. Mchana Waziri akaja kukagua, tumbo likimnguruma, akakuta kufuli kibandani. Akamwita mtaalamu amweleze, naye akamweleza yote, chupa, makofi na sahani tupu. Waziri akatugeukia.

"Kumbe hicho kitu cha kwenye kiazi ni kama nyinyi," akasema. "Nilipowateua mlikuwa wabichi, hamna neno. Kiti kilipopata joto tu, mkageuka."

Akaamuru turudishwe kwenye ubichi. Mkurugenzi sasa anamenya, mimi naloweka. Kibanda kikafunguliwa, kimeng'enya kikaingia kwenye beseni mapema kama inavyotakiwa, na vipimo vikatoka vizuri. Waziri naye akakikalia kiti cha Mkurugenzi kwa muda, mpaka apatikane mtu.

Kiti kilikuwa bado cha moto. Wiki haijaisha, tarishi akatufikia kibandani akihema. Waziri ameagiza kwamba, kwa heshima ya ofisi, kimeng'enya kisiingie tena kwenye beseni kabla yake yeye.

Mkurugenzi aliacha kumenya. Shangazi akafuta mikono kwenye aproni, akalitazama beseni, kisha akalitazama jengo la idara.

"Mwambie maji yapo," akasema kwa upole. "Aje aingie. Ila avue viatu."

Nikaenda kutafuta beseni kubwa zaidi, maana Waziri ni mtu wa mwili.