Goti Moja Mbele ya Meza ya Namutebi

Jamani, leo nimeaibika mchana kweupe, na ofisi nzima imeshuhudia.

Mnaonijua mnajua nimezunguka. Nimelala juu ya magunia ya mahindi kwenye lori la kwenda Juba. Nimepakua saruji Goma mvua ikininyeshea. (Siku zile nilikuwa na nywele pia.) Mgongo haukuwahi kusema neno. Nimefika Kampala, nikapewa kiti cha ofisi hapa Bugolobi, kazi ya kuandika hati za mizigo, na kiti ndicho kilichonimaliza. Kiti!

Nesi mmoja wa Kamwokya akanipa masharti. Kompyuta iwe usawa wa macho. Nikaipandisha juu ya katoni ya sabuni. Nyayo zote zikanyage sakafu. Nisikae muda mrefu bila kuinuka. Na nikichoka, nipige goti moja chini, jingine liwe mbele, nisukume nyonga polepole. "Inanyoosha kiuno," alisema. Sawa.

Sasa, kuna Namutebi, mhasibu wetu. Kusema kweli, yeye ndiye sababu bado niko mji huu. Kwa kawaida yangu ningekuwa nimeshahama. Leo nilijiapiza nitamwalika chakula cha mchana. Hilo tu. Maneno yenyewe nimeyafanyia mazoezi kuliko mgongo.

Ofisi yetu imejaa meza, na nafasi ya kupiga goti ni moja: mbele ya meza yake. Nikashuka. Nikasukuma nyonga. Kiunoni kitu kikalia "ka!" Nikaganda. Nikanyoosha mkono nishike ukingo wa meza.

"Vipi?" Namutebi akauliza.

"Ngoja kidogo," nikasema, jasho likinitoka.

Hapo mlango ukafunguka. Akaingia mama mmoja aliyevaa gomesi, lile gauni refu la Kiganda, kikapu mkononi. Mama mzazi wa Namutebi! Amekuja kumsalimia mwanawe. Akanitazama mimi. Akatazama goti. Akatazama mkono. Kikapu chini, vigelegele juu.

Watu wakamiminika. Okello, dereva wetu, akapaza sauti: "Mkenya amepiga goti! Njooni muone!"

"Ssebo, bwana, simama," mama akaniambia. Kiswahili anakijua, aliuza chakula miaka mingi karibu na kambi ya jeshi.

"Siwezi, mama."

"Banange! Hawezi kusimama mpaka mimi nakubali! Huyu iko na adabu!" Akainama. "Watu yako wako wapi?"

"Kitale, mama." (Mkubwa akikuuliza kwenu, unajibu. Ndivyo nilivyolelewa.)

"Baba yako iko?"

"Yuko. Anafuga ng'ombe."

"Ng'ombe!" Vigelegele duru ya pili.

Namutebi alikuwa amefunika uso kwa mikono, mabega yakitetemeka. Nikadhani analia. Anacheka! "Maama," akasema alipoweza, "huyu, mgongo umemkatalia. Anafanya mazoezi tu."

Mama akanitazama kama mtu aliyepunjwa sokoni.

"Kwa hiyo binti yangu humtaki?"

Hebu niambieni, mngejibu nini? Nikisema simtaki, ni uongo. Nikisema namtaka, nimeshaposa, tena mbele ya watu wa stoo.

"Nilitaka... nilitaka kumwalika chakula cha mchana."

"Chakula cha mchana kwa goti?" Okello akadakia. "Na cha jioni utalala kifudifudi?"

Walicheka mpaka mlinzi akaacha geti kuja kuuliza kuna nini. Namutebi akajifuta machozi.

"Nitakuja," akasema. "Lakini kwanza mnyanyueni."

Okello na mlinzi wakaninyanyua kama friji.

Tulikula watatu, mama katikati. Wao walikaa. Mimi nilisimama nimeegemea ukuta na sahani yangu, nikihojiwa habari za ng'ombe mpaka matoke yakapoa. Namutebi hakunisaidia hata swali moja. (Ila aliniongezea mchuzi. Nimeona.)

Sasa niko nyumbani, chali sakafuni, nawaandikia simu ikiwa juu ya uso. Naomba msinicheke, wala msinitumie vichekesho. Nikicheka kiuno kinakaza, na Jumapili mama yake Namutebi anataka kuniona kwao, nikiwa nimesimama wima.