Uzinduzi wa Chumba cha Kuondolea Nywele kwa Leza

Mheshimiwa Mwenyekiti wa kikao, Makamu wake, ambaye kuwa shemeji yangu ni sadfa tu, Mganga Mkuu wa hospitali hii, Muuguzi Mkuu, wadau wa ngozi, wenye ndevu kwa hiari na wenye ndevu bila hiari, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi ya safu ya mbele.)

Nasimama katika ukumbi huu wa wagonjwa wa nje, kwa ule unyenyekevu wangu mkubwa mnaoufahamu nyote, kuwaelimisha kwamba leza, kwa lugha ya kitaalamu, ni mwanga wenye mkakati: hautawanyiki ovyo kama wa taa ya jikoni, bali unaufuata weusi wa unywele, unashuka nao hadi mzizini, unageuka joto na kuudhoofisha mzizi huo kiutendaji. Kazi hiyo haiishi kwa siku moja, ndugu zangu. Ni awamu sita hadi nane, kwa vipindi vya wiki kadhaa, kama mradi wowote unaojiheshimu. Kwa mvi haufui dafu. (Wazee wananung'unika.) Na ngozi nyeusi inataka mashine inayoifaa, la sivyo utaungua wewe, unywele ubaki unakucheka. Utafiti wetu shirikishi umebaini kuwa asilimia mia na nne ya wananchi wameridhika. (Makofi.)

Naona mkono. Haya mama, kwa kifupi.

(Anasimama mshonaji wa sare za wauguzi. Anafungua mtandio uliofunika kidevu. Kidevu kimejaa ndevu.)

"Baba, tangazo lenu lilisema tusing'oe nywele wiki sita, ili mwanga ukute mzizi. Miaka kumi na mitatu nang'oa kwa kibano kabla mume wangu hajaamka. Nikaacha. Wateja wamenicheka. Binti yangu ameniomba nisimfuate shuleni. Leo wiki sita zimetimia. Nilale kitanda gani?"

Huo ndio uzalendo! Mpigieni makofi! (Hakuna anayepiga.) Muuguzi Mkuu, mbona unanikonyeza?

("Mheshimiwa, mwambie ukweli tu.")

Ukweli, mama, una taratibu zake, una kamati yake ndogo, na kamati hiyo haijapata akidi. Leza hoyee! (Mmoja: "Hoyee." Ni shemeji.) Kidevu safi, maendeleo safi!

Kwa kumalizia, namshukuru msusi wa jirani aliyetuazima draya tuliyoipiga picha kwenye mabango. Namshukuru mchoraji aliyeandika "Leza" kwa herufi za kupendeza kwenye mlango wa stoo ya mifagio. Na nawashukuru wataalamu wa ununuzi, ambao wakishajua mashine yenyewe inauzwa wapi, wataanza kutafakari.

Mbona mnatoka? Mama, jifunike basi, kuna wapiga picha.

("Wapige," anasema, akiuweka mtandio begani. Muuguzi Mkuu anamshika mkono, wanatoka pamoja, na safu za nyuma zote zinawafuata.)