Kidole na Maboga ya Mzee Tarsem

Jumatatu, 1 Julai

Julai hii, na ati ni kiangazi! Nimevaa makoti mawili. Upepo umeng'oa plastiki yote niliyofunikia lengalenga, mchicha wetu wa Kongo. Lengalenga zenyewe ziko ukubwa wa kucha tangu Mei. Hazifi, hazikui. Zinaniangalia tu.

Barua imefika kwa Shangazi Angélique. Nimeifungua mimi, maana yeye yuko hospitali, wamembadilisha nyonga na kidonda kinachelewa kupona. Barua ya Valeria, mama anayesimamia ploti zote za mboga za hapa Edmonton, Kanada. Ukaguzi tarehe 12. Robo tatu ya ploti isipokuwa na mimea, Shangazi ananyang'anywa.

Miaka tisa alisubiri kwenye foleni kupata kile kipande. Tangu atoke Bukavu, ndio udongo pekee duniani wenye jina lake. Na mimi niliapa mbele ya nesi kwamba nitautunza.

Nimempigia. Nimemwambia lengalenga zinafika magotini. Sikusema magoti ya nani. Ya kuku, labda.

Jumanne, 2 Julai

Mpango! Nimenunua mafungu kumi ya spinachi sokoni. Nimeyachomeka ardhini, moja moja, mistari imenyooka. Ukisimama mbali, bustani ya malaika.

Upepo ukaja. Spinachi zote zikaruka uzio, zikatua kwa jirani. Jirani ni Mzee Tarsem, Singasinga mzaliwa wa Kisumu, kilemba cha buluu, Kiswahili kama maji. Akanirudishia zote, amezikumbatia kama mtoto mchanga. Akauliza kama kwetu Kongo spinachi huota zikiwa zimefungwa mpira kiunoni. Akacheka mpaka akakaa kwenye ndoo.

Yeye ana maboga saba. Katika baridi hii! Machanga, ya kijani, yanang'aa. Mtu mwenye maboga saba analalaje usingizi wakati jirani yake hana hata jani?

Alhamisi, 4 Julai

Shangazi amepiga simu. Ameuliza maboga ya Mzee yanaendeleaje, halafu akanionya: boga changa halinyooshewi kidole, linaoza. Ukitaka kulionyesha, kunja ngumi. Nikamwambia kilimo nimejifunza mwenyewe, video mia mbili, na hakuna hata moja iliyotaja kidole. Akasema hao wa video hawajui kwamba boga lina aibu.

Nikaenda ploti. Nikayahesabu maboga ya Mzee. Kwa kidole. Moja, mbili, tatu... Bila nia mbaya! Kuhesabu tu!

Nilipofika la saba upepo ukakata. Wiki tano haujakata hata dakika. Fito za maharage zikaacha kugongana. Hakuna ndege. Hakuna treni. Halafu nikasikia mtu anapumua, hapo hapo, usawa wa goti langu. Hapakuwa na mtu.

Nimekimbia. Geti sikufunga.

Ijumaa, 5 Julai

Yote saba yameanguka!! Yamekatika kwenye kikonyo, safi kabisa. Na kila boga lina doa moja laini, ukubwa wa ncha ya kidole. Doa liko upande wa kwetu. Mzee alipogeuka nikaweka kidole changu juu ya doa. Kikaenea sawasawa. Ndani kulikuwa na baridi.

Mzee alikuwa anayaokota taratibu, kama mtu anayebeba watoto waliosinzia. Nikampa pole, mkono mfukoni. Akasema si kitu, ni huu ubaridi, nyuki hawatoki, na boga bila nyuki huanguka lenyewe. Nikafurahi! Sayansi!

Kisha akaligeuza boga moja mkononi. Akasema lakini haya aliyachavusha mwenyewe, ua kwa ua. Akaniuliza, "Kijana, kuna mtu ameyahesabu?"

Nikamwambia mimi hesabu nilifeli.

Jumamosi, 6 Julai

Kidole kimekuwa baridi kuliko vingine vyote. Kwenye basi nimekikalia. Kazini, huko ghalani, nimevaa glavu moja, msimamizi akaniuliza kama naanza muziki.

Lakini nimewaza! Mpango mkubwa kuliko yote! Ploti zote zikiwa mbovu, Valeria atasema ni hali ya hewa. Nani atamnyang'anya nani? Kumbe sihitaji kupanda kitu. Nahitaji wenzangu washuke kidogo. Ni kwa ajili ya Shangazi.

Nimezunguka kama mtu anayepunga hewa. Kabichi za ploti ya nne: kidole. Matango ya ploti ya tisa: kidole. Mamung'unye ya Valeria mwenyewe: kidole mara mbili, kwa uhakika. Na nyingine karibu zote. Kila nikinyoosha, upepo unakata. Nikishusha, unarudi. Kama kuna mtu anasikiliza na hataki kukosa neno.

Mara ya mwisho sikunyoosha. Mkono ulipanda wenyewe. Nimeamua kutolifikiria hilo.

Jumapili, 7 Julai

Nimepita baada ya ibada. Kabichi zimelala. Matango yamelala. Mamung'unye ya Valeria yamepasuka yote kwenye tumbo, na Valeria amesimama katikati yake na mwavuli uliogeuka, analia. Amesema miaka kumi na nane hajaona kitu kama hiki. Nilijisikia vibaya sana. Karibu dakika nne.

Mzee Tarsem akaniita. Amenipa mfuko wa mbegu za uwatu, ule ambao kwao majani yake ni mboga. Amesema roho inamuuma kuona udongo wa Mama Angélique uko uchi, na huyo mama ndiye aliyemfundisha kula majani ya boga, alipofiwa na mke wake na hakuwa anapika. Uwatu hauogopi baridi. Ukimwaga leo, Ijumaa kuna kijani.

Tukamwaga pamoja. Akaniambia nimwage kwa kiganja, ngumi nusu. "Na kile kidole," akasema, bila kuniangalia, "kibaki nyumbani."

Anajua! Au hajui. Anajua!

Alhamisi, 11 Julai

Umeota! Ploti nzima! Zulia! Nimemtumia Shangazi picha. Nesi anasema amewaonyesha wagonjwa wote wa wodi, hata aliyekuwa amelala wamemwamsha. Shangazi mwenyewe akanipigia, alikuwa anavuta pua tu. Kisha akasema, "Plamedi, aksanti. Mimi nilifikiri umeniulia kila kitu."

Nimekasirika kidogo. Kwa nini afikiri hivyo?

Ijumaa, 12 Julai

Ukaguzi. Valeria amekuja na karatasi zake, macho mekundu. Ploti tatu tu ndizo zina uhai hapa, na moja ni yetu! Akatabasamu mara ya kwanza wiki hii. Akasema kamati itapita Jumapili, itaona, itasaini, basi.

Halafu akauliza mpaka wetu unaishia wapi.

Ningeweza kuonyesha kwa mdomo! Kwetu wote tunaonyesha kwa mdomo! Bibi yangu alionyesha njia kwa mdomo mpaka kufa! Lakini furaha. Nikasema, kuanzia pale, mpaka paleee. Na kidole kikapita juu ya ploti nzima, polepole, kama mtu anayepaka siagi.

Upepo ukakata. Valeria akafunga vifungo vya koti. Akasema ajabu, kumetulia.

Jumapili, 14 Julai

Uwatu wote umelala. Umelala upande mmoja, kama nywele zilizochanwa. Katikati kuna mfereji mwembamba, upana wa kidole, kuanzia pale mpaka pale.

Kamati iliizunguka ploti mara moja. Mzee Tarsem akasema ni kuoza kwa shina, maji mengi na baridi, hutokea. Valeria akaandika mstari mmoja tu. Ploti imekwenda.

Nilimwambia Shangazi mimi mwenyewe, pale kitandani. Nilitaka anipigie kelele. Hakupiga. Aligeukia ukuta, akauliza kama jembe lake bado liko ndani ya kile kibanda, au nalo ni la watu sasa.

Jumamosi, 27 Julai

Bado baridi. Bado upepo. Lakini Shangazi ametoka hospitali, na tazama! Mzee Tarsem alikwenda kwa Valeria na kofia mkononi (kofia ya baiskeli, kilemba kilibaki kichwani) akamwandikisha Shangazi kwenye nusu ya ploti yake. Jina lake limerudi kwenye ubao wa geti. Leo amelisoma kwa sauti mara mbili. Asubuhi wamekaa kwenye ndoo mbili, wanagombana: majani ya boga ni ya karanga, anasema huyu, ni ya bizari, anasema yule. Jembe liko kati ya magoti ya Shangazi.

Sharti ni moja: mimi nisivuke geti. Mzee ndiye aliyelitoa. Shangazi amelipigia makofi. Amesema, "Plamedi, wewe ubakie huko barabarani na magari. Magari hayaozi."

Sawa. Nimesimama nje ya uzio, sina kinyongo. Nimemwangalia Shangazi anavyotembea na magongo. Anachechemea vibaya sana. Imeniuma. Nikaanza kuwaza.

Kidole cha kulia kinaangusha. Basi cha kushoto lazima kinainua! Ni hesabu ya kawaida. Hakuna video inayokataa.

Nikapitisha kidole cha kushoto kwenye tundu la uzio. Nikakilenga kwenye nyonga yake, kwa upendo wote. Shangazi alikuwa hatua thelathini kutoka kwangu. Akashtuka, akashika nyonga, akageuka kumfokea Mzee Tarsem kwamba ana adabu gani, kumgusa mwanamke mgonjwa na kidole cha baridi vile.

Mzee alikuwa amebeba ndoo mbili za maji, moja kila mkono.

Kinafanya kazi! Kesho nitajaribu mgongo.