Habari za Keza wa Kasenga, Aliyenawa Uso

Sogeeni, enyi wakazi wa bonde na wa pwani ya Tanganyika, kuanzia Kamanyola penye mipaka hadi huku Uvira, ambako mlima na ziwa vimebanana hata watu wakaachiwa ukanda mwembamba tu wa kujengea; nyamazisheni redio, tueni mizigo, na ninyi mnaosukana nywele uacheni msuko katikati, kwa maana inasimuliwa habari ya Keza binti Nizigama, mshona nguo wa mtaa wa Kasenga, mwenye shingo ndefu na cherehani isiyojua kupumzika, ambaye Jumapili moja, machweo, mbele ya mashahidi, alinawa uso.

Keza alilelewa na shangazi yake, Bernardine, mwanamke wa kauli nzito, aliyetawala bila mpinzani himaya mbili za elimu: namna msichana anavyokaa mbele ya mwanaume, na namna anavyoitunza ngozi yake kabla ya kulala. Elimu hiyo hakuipata shuleni. Aliipata katika ndoa mbili zilizovunjika, na aliigawa bure kwa yeyote aliyeketi karibu naye, aombwe asiombwe.

Basi Placide alipomwalika Keza kwenda kula samaki ufukweni, Placide yule fundi wa simu, mpole wa maneno, mwenye vidole vinavyofufua betri zilizokwisha kuliliwa, Bernardine aliivaa shughuli hiyo kama jemadari aliyesikia tarumbeta. Alimketisha mtoto wa kaka yake kwenye kigoda, akachukua poda yake mwenyewe, iliyokuwa nyeupe kuliko uso wa Keza kwa mwendo wa safari nzima, akaipaka tabaka juu ya tabaka kama mwashi anayeziba ukuta, huku akihutubu:

"Sikia, weye mutoto wa kaka yangu. Usifike wa kwanza. Mwanaume asipongoja hajue kama iko na bahati. Usimalize samaki, atasema kwetu tunashinda njaa. Usiongee mingi. Na hii poda, asikuone bila hii poda mupaka mahari itoke! Lakini ukirudi, mbele ya kulala, unawe. Poda ikilala kwa ngozi, asubui weye utakuwa nyanya yangu."

Keza aliapa kutii, kwa kuwa alimpenda shangazi yake. Na Placide naye, Keza alikuwa ameanza kumpenda, ila hilo hakumwambia mtu.

Ya ufukweni yalikuwa mapambano. Kwanza alijificha nyuma ya kibanda cha mkaa ili achelewe, akimwangalia kijana wa watu akihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule. Kisha akaletwa mukeke, samaki wa ziwa lile, amechomwa vizuri, mafuta yakimtiririka, pilipili pembeni; na Keza, ambaye tangu asubuhi hakutia kitu mdomoni ili gauni limkae, alimdokoa kama mtu anayetafuta sindano, akamrudisha jikoni karibu mzima, moyo ukimlia. Placide akasimulia juu ya mteja aliyefua simu yake pamoja na nepi za mtoto. Keza akacheka midomo imefungwa, kicheko kikamtokea puani. Joto likazidi, poda ikaanza kumwasha mashavuni kama upupu, naye asijikune, maana mashujaa hawajikuni.

Lakini si upupu uliomuumiza. Placide alikuwa akimtazama kidogo, halafu anatazama ziwa. Anamtazama, anatazama ziwa. Ameshajuta, Keza akawaza.

Walirudi jua likiwa limezama nyuma ya milima ya Uvira, huku ng'ambo ya Burundi bado kukiwa na mwanga, kwani upande wetu ndio unaoingia gizani kwanza. Placide aliaga kwa adabu langoni. Keza akaingia uani mbio, akafunua pipa. Kavu. Akainamisha ndoo. Kavu. Mvua ilikuwa imebeba mabomba kule mlimani, na maji ya mwisho ya nyumba ile yalikuwa yakitokota wakati uleule ndani ya sufuria ya maharage.

"Tantine! Maji iko wapi?"

"Maji haiko. Nimepikia."

"Na uso yangu?"

Bernardine akainuka, mwiko mkononi kama fimbo ya enzi. "Hautalala na poda katika hii nyumba! Afazali ulale na njaa! Afazali ulale na viatu!"

"Sasa nitanawa na nini, Tantine? Na maharage?"

Sauti zao ziliruka ukuta. Na nje ya ukuta alikuwa bado amesimama Placide, ambaye mama yake naye alimfundisha sheria zake, mojawapo ikiwa kwamba usiondoke mpaka usikie msichana amefunga mlango. Mlango hakuusikia, alisikia vita. Akakaza mkanda, akashuka hadi msikitini, ambako kisima hakikauki, akamwamkia mlinzi, akaazima bido ya manjano, lile dumu la maji, akaijaza hadi shingoni, na huyo anapandisha nayo begani, shati la Jumapili limelowa upande mzima, anatembea kama mfalme arudiye na nyara.

Bernardine alifungua lango. Aliona maji, akafurahi. Akaona aliyeyabeba, akashtuka.

"Mungu akubariki, mutoto wa watu. Weka hapo, uende. Keza... Keza kichwa inamuuma."

"Niko hapa," akasema Keza nyuma yake.

Angeweza kungoja. Kijana angeondoka, lango lingefungwa, maji yangemiminwa, na sheria zote za Bernardine zingebaki zimesimama. Keza alilijua hilo. Lakini alimwangalia yule mtu aliyelowa, akayaona tena macho yake yakikimbilia ziwani, akatambua kwamba akingoja leo atangoja na Jumapili ijayo, amekaa mbele ya samaki asiyeliwa, na mtu mwingine amekalia uso wake.

"Tantine," alisema, "miye nitanawa sasa. Kama atakimbia, akimbie leo, kabla sijamuzoea."

"Keza! Mahari haijatoka!"

"Lakini uso ni yangu."

Akapiga magoti mbele ya beseni. Vita vikaanza. Kiganja cha kwanza cha maji poda ilikidharau, ikateleza tu na kusimama tena. Cha pili kikaleta sabuni, ile ya kufulia, isiyojua kubembeleza. Ndipo ngome zikaanza kuanguka. Wanja ulishuka mashavuni kama jeshi linalokimbia bila bendera, rangi ya mdomo ikajisalimisha, beseni likageuka rangi ya uji. Keza alisugua hadi akaigusa ngozi yake mwenyewe. Akainuka, maji yakimchuruzika kidevuni, na pale kidevuni palikuwa na chunusi, na mashavu yalikuwa yamevimba.

Maharage tu ndiyo yaliyoongea.

"Kumbe ni weye," Placide akasema.

"Kumbe nani?"

"Muntu nilialika ni ule wa pa cherehani. Leo mangaribi yote nilikuwa naona kama mumenitumia dada yake mukubwa. Naangalia, naogopa kuuliza."

Keza akacheka mpaka akashika ukuta. Placide naye akacheka, na bido ikabaki katikati yao.

Bernardine hakucheka. Alilitazama lile beseni kwa muda mrefu, mwiko umeshuka. Hakuna mtu wa Kasenga, hata Keza mwenyewe, aliyewahi kumwona bila poda tangu mume wa pili alipoondoka; alinawa usiku peke yake, mlango umefungwa. Mwishowe akasema, kwa sauti ambayo haikuwa ya jemadari hata kidogo:

"Musimwage yote. Muniachie maji kidogo."

Placide akageuza mgongo kwa heshima, akawa anautazama ukuta. Keza akashika kata, akammiminia shangazi yake polepole.

Na ijulikane basi hata kwa vizazi vijavyo, wasomi wakiulizana ni jambo gani kubwa lililotukia Uvira mwaka ule wa mvua nyingi: majeshi hayakusonga, mlima haukuhama, ziwa halikufurika, ila katika nyumba moja ya Kasenga, baada ya kula maharage wakashiba, wanawake wawili walilala na nyuso zao.